Sambusa za Zabibu na Maswali Mengine ya Jikoni

Tangu supamaketi mbili tatu za hapa Nakuru na kule Kisumu zitenge rafu za vyakula vya Uingereza na Ayalandi, barua zenu zimebadilika. Zamani mlikuwa mkiniuliza kwa nini chapati zinakauka na wali unashika chini. Siku hizi ni chupa na mikebe tu. Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilipika miaka kumi na tisa katika nyumba ya mama mmoja Muayalandi, mjane, kwenye shamba la ngano upande wa Njoro, kuanzia 1987. Nyingi ya hizo chupa nimezifungua kwa mkono wangu, na vyakula kadhaa nimeviharibu kabla yenu. Barua zilizokuwa ndefu nimezifupisha.

*Mama Mpishi, pokea salamu. Jumapili chama kilikuwa kwangu. Supamaketi nikaona chupa imeandikwa Mincemeat, bei imepunguzwa, nikajua hiyo ni nyama ya kusaga iliyokwisha kupikwa. Nikakaanga kitunguu, saumu, hoho na dhania, nikaimimina. Ikatoka nyeusi, inanata, inanukia mdalasini. Nikafunga sambusa thelathini hivyo hivyo kwa sababu wageni walikuwa mlangoni. Kila mmoja alikula moja akasema ameshiba. Je, nyama ilikuwa imeharibika? Nimebakisha nusu chupa. — Msomaji, Lanet*

Pole sana, mwanangu. Nyama haikuharibika kwa sababu haikuwemo. Hiyo chupa ni zabibu kavu, tufaha, maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, mdalasini, karafuu na kungumanga. Zamani sana Waingereza walikuwa wakichanganya nyama ya kondoo au ya ng'ombe na matunda na viungo, ndipo jina likatoka hapo. Kadiri miaka ilivyokwenda nyama ikaachwa, jina likabaki. Kilichobaki cha mnyama, mara nyingi, ni shahamu, yale mafuta magumu yanayozunguka figo za ng'ombe. Chupa nyingine hutiwa mafuta ya mimea badala yake, na nyingine zina brandi. Kwa hiyo kama katika chama chenu kuna Mwislamu, au mtu asiyegusa kileo, soma nyuma ya chupa kabla ya kumkaribisha. Nyuma, si mbele. Mbele ya chupa ni mapambo.

Usijione mjinga. Mimi nilikosea hivyo hivyo, ila kinyume. Krismasi yangu ya kwanza kule Njoro mama aliniambia nitengeneze "mince pies" ishirini na nne, kisha akaenda kanisani. Nikatuma kijana buchani, akaleta kilo ya nyama ya kusaga. Niliikaanga vizuri, na kitunguu kingi na pilipili manga, nikaifunga kwenye unga wa siagi, nikaoka mpaka rangi ikawa ya dhahabu. Nilijisifu. Mezani wageni wakazipokea, wakazinyunyizia sukari laini, halafu wakazimwagia kastadi ya moto. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Kimya kilichofuata sijakisahau. Mzee mmoja tu, jirani wa shamba la pili, alikula yake yote, na kastadi yake, akaniomba nyingine. Mpaka leo sijui kama alikuwa na adabu sana au njaa sana.

Sasa hiyo nusu chupa. Usiiongeze kitunguu. Chukua manda za sambusa zilizobaki, tia kijiko kimoja kidogo tu cha huo mchanganyiko katika kila moja, ziba kingo kwa uji wa ngano uwe mzito, maana sukari ikivuja kwenye mafuta inaungua na kunuka jiko zima. Kaanga kwa moto wa wastani. Kula na chai ya rangi. Wale wale waliosema wameshiba uwaite tena.

*Hujambo Mama. Nimenunua Marmite nikidhani ni chokoleti ya kupaka mkate. Watoto wamelia. Kibaya zaidi, mume wangu ameokoka, na aliposoma kwamba imetokana na bia aliiweka nje ya nyumba, kwenye dirisha la jikoni, na huko iko mpaka sasa. Je, ni pombe? — Mama wa watoto watatu, Kakamega*

Mwambie baba airudishe ndani. Bia ikishachacha, hamira iliyofanya kazi hiyo hubaki chini ya mapipa kama tope. Hapo ndipo Marmite inapoanzia. Hamira hiyo hutiwa chumvi na joto mpaka chembe zake zijivunje zenyewe, ichujwe, ipikwe mpaka iwe nzito kama lami. Haimlewishi mtu. Kiwanda cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1902 katika mji wa Burton upon Trent, mji wa watengeneza bia, kwa sababu tope hilo lilikuwa hapo hapo likitafuta kazi. Hata jina ni la sufuria: marmite kwa Kifaransa ni chungu chenye kifuniko, nacho ndicho kilichochorwa kwenye lebo. Angalia.

Watoto walilia kwa sababu uliwapakia kama jamu. Hicho ni kitoweo cha chumvi. Katika kila gramu 100 kuna kama gramu 10 za chumvi, kwa hiyo mwenye presha ajihadhari. Wanaokijua hupaka siagi kwanza kwenye mkate wa moto, kisha wanachovya ncha ya kisu tu na kukwangua mpaka mkate uonekane rangi ya maji ya chai. Mama wa Njoro alikuwa na kisu chake maalumu cha kazi hiyo, kimeisha makali, na chupa moja ilimtosha nusu mwaka.

Mimi mkate huo sikuupenda, na sitajifanya. Lakini kijiko kidogo kimoja, nusu yake, ndani ya sufuria ya ndengu au maharagwe badala ya zile pakiti za mchuzi, hapo nakubali. Hupunguzi ladha ya ndengu, unaipa mwili. Usitie chumvi nyingine mpaka uonje.

Na kwa kuwa umetaja watoto watatu: katika miaka ya 1920 kwenda 1930 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikuwa Bombay akichunguza wajawazito wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliokuwa wakipungukiwa damu. Aliwapa kitu hiki hiki na wakapata nafuu, akaandika matokeo yake mwaka 1931. Kilichokuwa kikiwasaidia baadaye kikajulikana kuwa foliki, ile iliyo kwenye vidonge unavyopewa kliniki ukiwa na mimba. Meza vidonge vya kliniki, usilambe chupa. Nimekusimulia tu ili mume wako aione kwa jicho lingine huko dirishani.

*Mama, kwenye friji ya soseji kuna soseji nyeusi tii, nene kama mkono wa mtoto. Ni nini? Sisi ni Wasabato. — Kisii*

Funga friji, mwanangu. Hiyo ni damu ya nguruwe, mafuta yake, na shayiri au uji wa oti. Waingereza na Waayalandi huikata vipande na kuikaanga asubuhi pamoja na mayai. Ipo na nyeupe, ambayo haina damu, lakini nguruwe yumo vilevile. Kwa msomaji wa Nakuru asiye na mwiko huo, hesabu kwamba ni mutura aliyesafiri. Mutura wetu wa jioni pale kwenye makaa una moshi, na huyo hana. Mimi nachagua makaa.

*Mama Mpishi, mimi nikila omena mdomo unavimba na kifua kinabana, jambo ambalo hapa Kisumu ni kama laana. Rafiki ameniletea chupa ya sosi ya Lea & Perrins niitie kwenye nyama choma. Haina samaki kwenye picha. Naweza? — Kijana, Kondele*

Hapana! Usionje hata tone. Kwenye picha hayupo lakini ndani yumo. Soma orodha nyuma: siki, molasi, sukari, chumvi, anchovies, ukwaju, kitunguu, saumu. Hao anchovies ni visamaki vidogo vya baharini, wenye umbo la dagaa, vilivyolazwa kwenye chumvi mpaka vikayeyuka. Wewe ambaye kifua kinabana, samaki aliyeyeyuka ni samaki tu. Hilo la kifua kubana mwambie daktari pia, usiishi nalo kama tabia ya mtaa.

Wafamasia wawili wa mji wa Worcester, Lea na Perrins, ndio walioanza kuiuza mwaka 1837, na wenyewe jina la mji wao hulitamka "Wusta", kwa hiyo usiumize ulimi. Ila nataka uone ukwaju hapo kwenye orodha. Uingereza hakuna mkwaju. Jitengenezee yako: loweka ukwaju kiasi cha ngumi ya mtoto katika maji ya moto kikombe kimoja, chuja, tia siki vijiko vinne, kipande cha sukari nguru, hiyo ya huko kwenu kwenye miwa, saumu punje tatu zilizopondwa, karafuu mbili, pilipili na chumvi. Chemsha taratibu mpaka ishike kijiko. Ikipoa itie kwenye chupa safi, iweke kwenye friji. Rafiki yako akionja hatakuuliza samaki yuko wapi.

*Nimesikia Waayalandi wana mkate usio na hamira. Nina mala, nina mursik, sina oveni. — Molo*

Hii ndiyo barua niliyokuwa nikiingoja, na nafasi nitaimaliza hapa.

Mkate huo wa soda niliuoka karibu kila siku kule Njoro. Vitu ni vinne. Unga wa ngano nusu kilo, soda ya kuokea kijiko kimoja cha chai kilichopigwa usawa, chumvi kiasi hicho hicho, na mala kama mililita 400. Ukiwa na pakiti ya nusu lita, usiimalize, bakisha kidogo chini. Unga uwe wa kawaida, si ule uliokwisha tiwa kiumulishi. Na soda iwe ile ya pakiti ya kuokea mikate, si magadi ya kulainishia mrenda. Kuna dada alitumia magadi, mkate ukatoka wa manjano na ladha ya sabuni, akanilaumu mimi.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo watu wanaharibu. Uchachu wa mala ukikutana na soda, povu linaanza papo hapo. Hewa hiyo ndiyo hamira yako, na haikungoji. Kwa hiyo moto uwe tayari kabla hujamimina maziwa. Changanya vikavu, fanya shimo katikati, mimina mala, kisha zungusha mkono ukiwa umekunja vidole kama unayechota maji, mara nane, kumi. Basi. Usikande! Huu si unga wa chapati. Ukiukanda unavutika na mkate unakuwa tofali. Utaona bado una mabonge na unanata vidole, hiyo ndiyo sura yake. Uviringishe kwa mikono yenye unga, uukandamize kidogo uwe na unene wa vidole vitatu, na ukate msalaba juu, wa kina, karibu ufike chini. Mama wa Njoro alisema msalaba huo ni mlango wa kuwatoa majini. Mimi nilichokiona ni kwamba usipoukata, katikati hubaki kibichi.

Huna oveni? Nao hawakuwa nayo. Soda ilipofika Ayalandi katika miaka ya 1830, nyumba nyingi za mashambani zilikuwa na moto wa wazi tu, moto wa mboji iliyokaushwa, na chungu cha chuma chenye miguu. Waliweka mkate ndani, wakafunika, wakapanga makaa juu ya kifuniko. Mama aliponieleza nilicheka, kwa sababu bibi yangu alikuwa akioka keki hivyo hivyo kwa sufuria. Chukua sufuria nzito, ipashe moto dakika kumi ikiwa na kifuniko, nyunyiza unga chini badala ya mafuta, weka mkate. Makaa machache chini, mengi juu. Dakika arobaini hivi. Usifunue kila dakika tano kama unayechungulia mgonjwa. Ukiisha, ugeuze na ugonge tumbo lake kwa kifundo cha kidole. Ukisikika mtupu kama ngoma, umeiva. Ukisikika bubu, urudishe.

Mursik? Inafanya kazi, uchachu wake unatosha na unazidi. Niliijaribu siku moja mala ilipokosekana. Mkate ulitoka na rangi ya kijivu kidogo, kwa ajili ya ule mkaa wa kibuyu, na harufu ya moshi. Mama aliuangalia muda mrefu, akapaka siagi, akala vipande viwili. Kesho yake akaniuliza kama ile maziwa ya kibuyu bado ipo.

Ule siku hiyo hiyo. Kesho utakuwa mgumu, uchome kwenye makaa.

*Mikebe iliyopunguzwa bei imeandikwa tarehe mbili tofauti. Nifuate ipi? — Milimani, Nakuru*

Fuata maneno, si tarehe peke yake. Use by ni amri: ikipita, tupa, hata kama harufu ni nzuri. Best before ni ahadi ya utamu tu. Biskuti iliyopita wiki mbili italegea, haitakuua. Mkebe uliobonyea kwenye mshono, wenye kutu au uliovimba, hiyo tarehe haina maana tena. Na angalia kama kibandiko cha bei kimebandikwa juu ya tarehe. Mimi nilishauziwa hivyo, duka silitaji. Nilipokibandua kwa ukucha nikakuta biskuti zilikuwa na umri wa mjukuu wangu.

*Mwanangu haruhusiwi mayai. Kastadi ya unga ni salama? — Busia*

Kastadi ya Bird's ilianza kwa shida kama yako. Alfred Bird, mfamasia wa Birmingham, mke wake alikuwa akidhurika na mayai, ndipo mwaka 1837 mume akamtengenezea ya unga wa mahindi mlaini. Rangi ya manjano si ya kiini. Lakini kampuni ni nyingi na kila moja ina mapishi yake, na nyingine huandika kwamba kiwanda kinashughulika na mayai. Soma kila pakiti, kila mara, hata ile uliyoizoea.

*Mama, baba yangu ana ekari moja na nusu ya majani chai. Juzi nimenunua kasha la chai ya Ayalandi kwa bei mara nne ya ile yetu, nikaichemsha na maziwa, vifuko vikapasuka, chai ikawa chungu. Wana siri gani hawa? — Binti, Kericho*

Siri yao ni baba yako. Majani mawili na chipukizi anayochuma asubuhi yanakwenda kiwandani, yanasagwa, yanakaushwa, yanauzwa kwenye mnada wa Mombasa, yanapanda meli. Huko yanachanganywa na ya nchi nyingine. Barry's, watu wa mji wa Cork walio kwenye biashara hiyo tangu 1901, wenyewe husema wanachanganya chai ya Kenya, ya Rwanda na ya Assam kule India. Kisha inatiwa kwenye vifuko, inafungwa kasha zuri, inapanda meli tena, na wewe unailipia nauli ya kwenda na kurudi.

Hao Waayalandi ni miongoni mwa watu wanaokunywa chai nyingi zaidi duniani, kichwa kwa kichwa, lakini hawaichemshi. Ukiwapa chai yetu ya sufuria wataita pudini. Wanapasha birika la udongo kwa maji ya moto, wanamwaga maji hayo, wanatia vifuko, wanamimina maji yanayotokota kabisa, wanafunika dakika nne. Maziwa ni baridi, yanaingia kikombeni mwisho, na sukari kila mtu na yake. Mama wa Njoro alitaka rangi ya matofali mapya. Ikiwa hafifu aliniita kutoka jikoni, akanyanyua kikombe kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza kama ng'ombe ameogeshwa humo.

Vifuko vilivyobaki vitengeneze hivyo. Jioni mpelekee baba kikombe kimoja, maziwa kidogo, usimwambie imetoka wapi. Halafu uniandikie alichosema.